Mbolea ya malisho na vifo vya ghafla vya ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafugaji wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa kuhusu nitrati kwenye malisho, jambo ambalo kurasa za kilimo hulipita kimya kimya. Tangu mbolea ya ruzuku irudi msimu wa 2022/23, mfugaji aliyekuwa akitegemea samadi peke yake anaweza kubakiza nusu mfuko wa urea au CAN baada ya kukuzia mahindi, akaumalizia kwenye mabingobingo au mtama wa malisho. Si vibaya. Majani yanapanda haraka na maziwa yanaonekana kwenye ndoo. Lakini elimu inayoambatana na mfuko ule ni ya mahindi. Mwenye ng'ombe haambiwi kwamba majani yaliyoshiba mbolea, kisha yakapigwa na ukame, mawingu mazito au jalidi, yanaweza kuangusha ng'ombe mwenye afya kabla jua halijazama.

Mmea hunywa naitrojeni kutoka ardhini hasa kwa umbo la nitrati, kisha huigeuza kuwa protini kwa nguvu ya jua. Mambo yakienda sawa, nitrati hupita tu, haikai. Tatizo huanza pale mizizi inapoendelea kuvuta huku majani yakiwa hayawezi kusindika. Kiangazi kikikatiza masika majani hunyong'onyea, siku za ukungu mwanga hautoshi, jalidi likianguka alfajiri majani huungua, na dawa ya magugu aina ya 2,4-D huvuruga ukuaji bila kuua mara moja. Nitrati inajikusanya, na inajikusanya zaidi sehemu ya chini ya shina. Majani yana kiasi kidogo kuliko shina, na punje karibu hazina kabisa. Hilo la shina likumbukwe, kwa sababu nusu ya kinga iko hapo.

Ng'ombe akila, vijidudu vya tumbo kuu huigeuza nitrati kuwa nitriti, halafu nitriti kuwa amonia, na amonia ndiyo inayojenga protini. Hatua ya kwanza huenda haraka kuliko ya pili. Ikiingia nitrati nyingi kwa mkupuo, nitriti inarundikana, inavuka kwenda kwenye damu na kuiharibu ile sehemu inayobeba hewa. Ng'ombe anapumua kwa nguvu, mapafu yake ni mazima, lakini damu haifikishi hewa mwilini. Dalili huanza mara nyingi kati ya nusu saa na saa 4 baada ya kula: anahema haraka, anatetemeka, anayumba, anatoa mate, analala na kushindwa kuinuka. Funua mdomo utazame ufizi, au kwa jike tazama utando wa ndani wa uke. Badala ya rangi ya waridi utaona kijivu, samawati au kahawia. Damu ikichukuliwa inakuwa ya kahawia iliyoiva, rangi ya chokoleti. Aliyenusurika akiwa na mimba anaweza kuitupa siku kadhaa baadaye, na mara nyingi mwenye ng'ombe hahusishi kabisa mimba hiyo na majani aliyokata wiki iliyopita.

Mashamba yenyewe ya hatari huku kwetu ni yapi? Mtama wa malisho na jamii yake huongoza. Mabingobingo yaliyowekewa mbolea nyingi na kukatwa machanga yamo pia. Mahindi yaliyokaukia shambani kabla ya kutoa mbelewele, ambayo mkulima ameyakatia tamaa na kuyageuza chakula cha mifugo, ni ya kuogopwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mbolea aliyoiweka haikupata gunzi la kwenda. Mahindi ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni, yanayopunguzwa machanga na kupelekwa zizini yamo kundi hilohilo. Kabichi, chainizi na figiri nazo hukusanya nitrati, kwa hiyo anayebeba masalia ya mboga kutoka masoko kama Mwanjelwa asiyafanye mlo mzima wa ng'ombe mmoja. Jamii ya mikunde, kama desmodiamu, haina tabia hiyo kwa kiwango cha kutisha.

Kuna shamba moja ambalo ningelitilia alama nyekundu, nalo ni shamba la viazi mviringo lililokwisha kuvunwa. Viazi vya Umalila na Njombe hupewa mbolea nyingi, na si yote inayotumika. Mvuno ukiisha, mchicha pori, mnavu na magugu mengine huota kwa kasi juu ya naitrojeni iliyobaki, yakawa mabichi na laini wakati nyasi za pembeni zimekwisha kukauka. Mchicha pori ni mlimbikizaji mkubwa wa nitrati. Mtu anafungulia ng'ombe wenye njaa humo asubuhi na kuona amepata malisho ya bure. Ikiwa shamba limepigwa dawa ya magugu siku chache nyuma ni hatari maradufu, maana magugu yanayonyauka kwa dawa huwavutia ng'ombe hata yale ambayo kwa kawaida wangeyaruka.

Sasa kalenda. Nyanda za juu zina vipindi vitatu vya kukaa macho. Cha kwanza ni mvua za Novemba na Desemba zinapofungua, au mvua inaporudi baada ya kukatika katikati ya msimu. Mizizi iliyokuwa imelala inaamka na kufyonza kwa pupa nitrati iliyojilimbikiza kwenye udongo mkavu, wakati majani hayajapata nguvu. Siku zile majani yanaporudia ukijani ndizo mbaya kuliko siku za ukame wenyewe. Subiri siku 7 hadi 14 za ukuaji mzuri wenye jua kabla ya kukata au kulisha. Cha pili ni siku mfululizo za mawingu na ukungu, ambazo wa Rungwe wanazijua kuliko wote. Hapo usikate asubuhi. Kata alasiri, hasa siku ambayo jua limetoka kwa saa kadhaa, kwa sababu mwanga wa mchana huipunguza nitrati iliyokusanyika usiku. Cha tatu ni jalidi la Juni hadi Agosti kule Makete, Kitulo, Mufindi na mabonde ya Njombe. Likiunguza majani bila kuua mzizi, mzizi unaendelea kuvuta. Subiri siku 7 hadi 10.

Kwa mtama jalidi huleta kesi ya pili, sumu ya sianidi, na hizi mbili zinachanganywa mno. Sianidi imejaa zaidi kwenye majani na machipukizi machanga, na ndiyo sababu mtama usilishwe kabla haujafika sentimita 60. Hupungua majani yakikaushwa vizuri. Nitrati iko zaidi shinani na haipungui kwa kukausha. Mtama ukiufanya hei, yaani majani makavu ya akiba, ukiwa na nitrati nyingi, miezi 6 baadaye utaikuta vilevile ndani ya robota. Nimesikia hata watu wenye elimu wakisema "anika tu, sumu itatoka", na kwa nitrati kauli hiyo ni ya kuua.

Kuweka mbolea kwenyewe hakuna uchawi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN una takriban kilo 13. Kwa ekari moja ya majani ya kukata, usizidishe mfuko mmoja wa urea kwa kila mkato, na usiweke wote kama shamba limepata samadi nyingi msimu huo. Weka baada ya kukata, udongo ukiwa na unyevu na mvua ikiendelea, kisha acha majani yakue wiki 6 hadi 8. Kosa la kawaida ni kumwaga mbolea, kuona majani yamegeuka kijani cheusi ndani ya wiki 2, na kukimbilia kukata kwa sababu hori ni tupu. Kijani kile cheusi ndicho dalili kwamba naitrojeni imo ndani na bado haijasindikwa. Kosa jingine ni kutupa samadi sehemu moja karibu na zizi mwaka hadi mwaka, kisha kuyakata majani ya pale kwanza kwa kuwa ndiyo yaliyo jirani na marefu. Kipande hicho kiwe cha mwisho kukatwa, na majani yake yachanganywe na ya sehemu nyingine.

Wakati wa kukata katika vipindi vya hatari, inua panga. Waliozoea kukata mabingobingo karibu na ardhi waache kisiki cha sentimita 20 hadi 30. Utaona unaacha chakula, ndiyo, lakini unaacha ile sehemu mbaya kuliko zote, na hali ikitulia unaweza kurudi kuvipunguza visiki. Wanaochunga wasiwalazimishe ng'ombe kumaliza eneo. Ng'ombe akiwa na nafasi huchagua majani kwanza. Ukimbana kwenye kipande kidogo hadi akwangue shina, umemlisha nitrati mwenyewe. Watoe wakati bado kuna urefu wa kiganja na zaidi.

Majani yaliyokatwa yaliwe siku hiyohiyo. Hili nalisema kwa wafugaji wa ndani hasa, wanaoletewa mzigo kwa bodaboda jioni, umefungwa kwa kubanwa, ukaachwa kwenye rundo hadi asubuhi. Ingiza mkono katikati ya rundo: kama ni la moto, ndani yake nitrati imeanza kugeuka nitriti kabla haijafika tumboni, na nitriti ni kali kuliko nitrati. Tandaza majani chini ya kivuli, yasizidi kimo cha goti. Rundo lililopata moto na nitrati ilikuwa ya kutiliwa shaka, lipeleke kwenye shimo la mboji. Majani yaliyoloa mvua na robota za hei zilizopata unyevu zinafuata kanuni hiyohiyo.

Njaa ndiyo inayogeuza malisho ya wasiwasi kuwa msiba. Ng'ombe aliyeshinda joshoni, aliyesafirishwa, au aliyefungwa tangu alfajiri hula kwa pupa, na nitriti inapanda kabla vijidudu havijawahi. Mpe kwanza mabua makavu au hei hadi aanze kupunguza kasi, ndipo umpe majani mabichi, tena kwa mafungu 3 au 4 kwa siku badala ya mara moja. Pumba za mahindi zinasaidia kwa sababu wanga huwapa vijidudu nguvu ya kumalizia hatua ya pili. Kilo 1 hadi 2 kwa mlo wa asubuhi, kabla ya majani, si upotevu. Ng'ombe asiyezoea aanze na robo ya mlo, akaongezwa polepole kwa wiki 2, maana vijidudu vyake vinajifunza kuhimili. Tofali la molasesi lenye urea liondolewe wakati huo, ili usimrundikie naitrojeni juu ya naitrojeni. Na tafadhali, mifuko ya mbolea isibebee pumba wala majani, hata ikiwa imekung'utwa. Chembe za CAN zilizonasa kwenye mishono ya salfeti zina nitrati nyingi, na ng'ombe huzilamba kwa hamu ya chumvi.

Mwenye uwezo wa kupima apime, lakini asome jibu la maabara kwa uangalifu. Chukua mashina 15 hadi 20 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, yakiwemo ya bondeni na ya kivulini, yakatwe pale pale utakapokatia majani ya kulisha. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni, na yafike haraka. Ofisa mifugo wa wilaya ndiye wa kumuuliza sampuli ielekezwe maabara gani. Jibu likija, angalia limeandikwa kwa kipimo gani. Kama ni nitrati yenyewe kwa uzito wa majani makavu, chini ya asilimia 0.5 ni salama kwa kawaida. Kati ya 0.5 na 1 changanya na makavu, na wenye mimba wasipewe zaidi ya nusu ya mlo. Kati ya 1 na 1.5 wenye mimba wasipewe kabisa, wengine wapewe sehemu ndogo tu, na ikipita 1.5 usilishe. Lakini maabara nyingine huandika naitrojeni ya nitrati. Hiyo izidishe kwa 4.43. Karatasi inayosema asilimia 0.3 ya naitrojeni ya nitrati inampa msomaji usingizi mzuri, kumbe maana yake ni nitrati ya asilimia 1.33.

Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi. Tuseme mabingobingo yana asilimia 1.2 na mabua makavu yana 0.2, ukataka mlo wote uwe 0.5 kwa ajili ya ng'ombe wasio na mimba. Sehemu 3 za mabingobingo kwa sehemu 7 za mabua zinakufikisha hapo, kwa uzito mkavu. Ng'ombe wa kilo 350 anayekula kilo 10 za uzito mkavu kwa siku atapata kilo 3 kutoka kwenye mabingobingo, na kwa kuwa majani mabichi yana maji kiasi cha asilimia 80, hizo ni kilo 15 mbichi. Kilo 15 ni mzigo mdogo sana mbele ya macho ya mtu aliyezoea kumwaga kilo 45, ndiyo maana nashauri mzani wa kuning'iniza badala ya kukadiria kwa mkumbatio. Uhakikishe pia makavu yanachanganyika na mabichi kwenye hori. Ukiyaweka kando kando, atakula mabichi yote kwanza na hesabu yako itakuwa ya karatasini.

Saileji, yaani majani yaliyofukiwa bila hewa ili yachachuke, inaweza kupunguza nitrati kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 60, mradi ichachuke vizuri kwa wiki 4 na isifunguliwe mapema. Kwa shamba lililopigwa na ukame, hiyo ni njia bora kuliko hei. Ila shimo la majani yenye nitrati nyingi hutoa, hasa ndani ya wiki 3 za kwanza, moshi wa rangi ya kahawia unaoelekea machungwa, wenye harufu ya dawa ya kung'arishia nguo. Ni gesi nzito, inatambaa chini na kujaa mashimoni, na inaua watu. Ukiuona, ondoka kwa kuelekea upepo unakotoka, zuia watoto, na usishuke shimoni kuokoa turubai.

Ng'ombe akishaanguka, usimkimbize wala kumpiga ainuke, kwa sababu kila hatua anayopiga inatumia hewa ambayo damu haina. Ondoa majani kwa wote. Mpigie daktari wa mifugo umwambie wazi: wamekula nini, lini, ufizi una rangi gani. Dawa ni methilini buluu, hudungwa taratibu kwenye mshipa, kuanzia miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito. Kwa ng'ombe wa kilo 300 hiyo ni mililita 120 za mchanganyiko wa asilimia 1, na inaweza kuhitajika tena baada ya saa kadhaa. Ni kazi ya daktari, naye ndiye atakayetamka maziwa na nyama zikae muda gani bila kutumika. Rangi ya damu ina uzito hapa. Damu nyekundu ya kung'aa inaelekeza kwenye sianidi, ambayo tiba yake iliyozoeleka hospitalini ina nitriti ndani yake. Ukimpa tiba hiyo mgonjwa wa nitrati, umemmalizia. Muulize daktari wako kabla ya msimu kama anayo methilini buluu kwenye begi, kwa sababu saa ya kuitafuta mjini haitakuwepo.

Akifa kabla daktari hajafika, mzoga usichunwe wala kupasuliwa. Kifo cha ghafla kinaweza kuwa kimeta, na damu ya kimeta inayotoka puani au nyuma bila kuganda ni hatari kwa kila anayeigusa. Daktari anaweza kuchukua maji ya ndani ya jicho, ambayo hutunza ushahidi wa nitrati muda mrefu kuliko damu. Sampuli nyingine ni majani yaliyobaki horini, kwa hiyo usiyafagie. Wengi huyafagia kwa kuona aibu au kuogopa, kisha jirani anatajwa kuwa amelisha sumu, na ugomvi wa mtaa unaanza bila mtu yeyote kupima chochote.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo na halina gharama kubwa. Ofisa kilimo anayetoa ushauri wa urea na ofisa mifugo anayeitwa ng'ombe akifa mara nyingi wanahudumia kata moja. Wakae pamoja mwezi Oktoba, watoe tangazo moja litakalobandikwa kwenye maduka ya pembejeo na kusomwa kwenye redio za mikoa hii: mvua ikirudi subiri wiki 1 hadi 2, acha kisiki cha sentimita 20 au zaidi, lisha makavu kwanza, na namba ya daktari wa wilaya iandikwe chini kwa herufi kubwa. Kwa Makete na Mufindi tangazo hilo lirudiwe Mei, kabla ya jalidi.

Wako,
Mtaalamu wa malisho,
Uyole, Mbeya